Mliufunika, Hamkuuzima: Kanisa Linapokwenda Msituni



Mwaka mmoja wa jua kali, katika mwezi wa pili, kwaya na vijana wa parokia yetu walitoka siku ya Jumamosi kwenda kuomba na kupumzika upande wa barabara ya zamani ya Buta. Sisi wachungaji tulikuwa pamoja nao. Tuliomba, tukafundisha Neno, wamama wakapika samaki wa liboke na ndizi. Saa kumi jioni tulimwaga juu ya moto maji yaliyobaki kwenye bidoni, tukafunika jivu kwa udongo, tukaimba wimbo wa kuagana na kurudi mjini, wengine kwa miguu, wengine kwa toleka.

Jumatatu asubuhi baba mmoja wa kijiji kile alifika kanisani na baiskeli yake. Hakuja kugombana. Alitueleza kwamba Jumapili mchana moto ulitoka mahali tulipopikia, ukapita katika kichaka cha shamba la zamani, ukala shamba la mihogo la mama mmoja mjane, kisha ukaingia ukingoni mwa msitu. Hakuna mtu aliyeumia. Jibu letu la kwanza lilikuwa: «Lakini, baba, tuliuzima.» Naye akasema kwa upole: «Hapana, wachungaji. Mliufunika. Hamkuuzima.»

Tangu siku ile tumejifunza mambo ambayo hatukufundishwa katika shule ya theolojia. Tunayaandika hapa kwa sababu makanisa yetu yote ya mashariki yana desturi ya kutoka: maombi ya mlimani, kambi za vijana, semina za wamama, matembezi ya kwaya. Tunapotoka hivyo, sisi ni wageni, na mgeni anaweza kuleta hasara bila kukusudia.

Msitu wenye mvua unawezaje kuungua?

Wengi wetu tuliokulia Kisangani tulisikia kwamba msitu wetu hauwezi kuungua. Neno hilo lina sehemu ya ukweli. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, na mvua inayonyesha kwa mwaka inapita milimita 1,600. Ndani ya msitu mnene, miti mirefu inafunga jua na upepo, na majani yaliyoanguka yanabaki na unyevu. Ukijaribu kuwasha moto pale baada ya mvua, utahangaika na moshi tu.

Lakini hata kwetu kuna nyakati mbili ambazo mvua inapungua: kati ya Desemba na Februari, na tena katikati ya mwaka, mwezi wa sita na wa saba. Ile ya kwanza ndiyo inayokausha zaidi. Ndipo pia wakulima wanapokata vichaka na kuvichoma, ili wapande mvua zitakaporudi mwezi wa tatu. Kwa hiyo ukavu na moto vinakutana katika majuma yale yale. Na ni majuma hayo vijana wanapopenda matembezi, kwa sababu barabara haina matope.

Jambo la pili ni kwamba msitu ulio karibu na mji hauko tena mzima. Barabara, mashamba, ukataji wa mbao na uchomaji wa makaa vimeufungua. Pale jua linapoingia, majani yaliyo chini yanakauka kwa siku chache. Hifadhi ya Masako, iliyo umbali wa kilomita kama 15 kutoka mjini na ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaitumia kujifunza mimea na wanyama, imezungukwa na mashamba na vichaka. Moto ukianza katika kichaka, ukingo wa msitu uko karibu.

Tunao pia mfano wa majirani. Mwanzoni mwa mwaka 2016, wakati wa ukame ulioletwa na El Niño, misitu ya kaskazini mwa Congo-Brazzaville iliungua katika maeneo makubwa. Ilikuwa misitu yenye mvua kama yetu, mahali ambapo chini ya miti kumejaa yale majani mapana tunayotumia kufungia kwanga na liboke. Ni majani ya kijani na yenye maji, na bado moto ulipita ndani yake. Basi tusiseme tena kwamba msitu wetu hauwezi kuungua. Tuseme kwamba hauungui wenyewe kwa urahisi. Unahitaji mwaka mkavu na mtu aliyeacha moto.

Moto mfupi unaua mti mrefu

Tulipokwenda kuona mahali palipoungua, tulifurahi mwanzoni. Miti mikubwa ya ukingoni ilikuwa imesimama na majani yake juu. Moto ulikuwa umepita chini tu, usiofika hata magotini, ukila majani makavu. Tukasema: «Mungu ametuhurumia.» Mzee mmoja wa kijiji akatuambia tusubiri.

Alikuwa na haki. Miti ya nyika, ile iliyozoea moto wa kila mwaka, ina gamba nene kama nguo ya baridi. Miti mingi ya msitu wetu ina gamba jembamba, kwa sababu haikuzoea moto. Chini ya gamba hilo ndipo mti unapokua na ndipo chakula chake kinapopita. Moto mfupi unaokaa dakika chache kwenye shina unapika sehemu hiyo, na mti unakufa polepole, baada ya miezi au hata miaka. Ukianguka, unafungua nafasi kwa jua, vichaka vinaota, majani yanakauka zaidi, na moto wa pili unakuwa mkali kuliko wa kwanza. Hivyo ndivyo msitu unavyogeuka kuwa kichaka, kidogo kidogo, na kila mtu anasema si yeye.

Miti tunayopoteza si pambo. Kwenye majani ya miti mikubwa kama sapeli ndipo wanapotoka viwavi wanaolisha familia nyingi na kuleta fedha sokoni. Fumbwa inaota chini ya kivuli cha msitu. Wagenia wanapotega samaki kwenye maporomoko, nguzo na kamba za mitego yao zinatoka msituni. Sehemu kubwa ya mvua yetu pia inatokana na maji ambayo miti inayarudisha hewani. Huko Yangambi, kama kilomita 100 chini ya mto, watafiti wamesimamisha mnara wa mita 55 unaopita juu ya miti, ili kupima hewa ambayo msitu unavuta na kutoa. Dunia inatazama msitu huu. Sisi tunaokula kutoka ndani yake tungepaswa kuutazama zaidi.

Udongo unautunza moto

Sasa turudi kwenye kosa letu, kwa maana ni kosa ambalo wengi wanalifanya wakidhani wamefanya vizuri.

Kila mtu wa Tshopo amewahi kuona tanuru la makaa. Mchomaji anapanga magogo, anaweka majani juu, anafunika yote kwa udongo, kisha anawasha. Kwa nini anafunika? Si kwa kuzima. Anafunika ili hewa iingie kidogo tu na moto udumu ndani kwa siku nyingi bila kuwaka. Akikosea na udongo ukafunguka, hewa inaingia, moto unawaka na makaa yake yanakuwa jivu.

Sisi tulifanya tanuru dogo bila kujua. Tulipikia karibu na kisiki cha mti uliokufa. Maji yetu yalilowesha juu tu, na udongo ukaficha makaa mekundu yaliyobaki chini. Usiku kucha moto ukatambaa katika mizizi mikavu ya kile kisiki. Jumapili, jua lilipokuwa kali na upepo ukiwa umeanza, ukatokea upande wa pili, mita kadhaa kutoka jikoni kwetu. Wakati ule sisi tulikuwa madhabahuni tukihubiri.

Katika msitu wa limbali hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu majani ya mti huo yanaoza polepole na yanalala chini kama godoro nene. Makaa yakiingia ndani ya godoro hilo katika mwezi mkavu, huwezi kuyaona.

Tusidhani kwamba mambo haya yanawapata watu wa kijijini tu. Mwezi wa kumi mwaka 2020, mlima Kilimanjaro huko Tanzania uliungua kwa siku nyingi, na mamia ya watu walipanda kusaidia kuuzima. Mamlaka ya hifadhi za taifa za nchi hiyo ilisema kwamba, kwa habari za kwanza, moto ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Hawakuwa waovu. Walikuwa wanaandaa chakula, kama wamama wetu.

Neno la Mungu linatuambia nini?

Biblia haikatazi kuwasha moto. Katika Yohana 21, Bwana wetu baada ya kufufuka aliwangojea wanafunzi ufukoni na moto wa makaa, samaki na mkate. Tukumbuke pia mahali alipouwasha: ufukoni, kando ya maji.

Yakobo 3:5 tunaihubiri sana tunapofundisha juu ya ulimi. Mtume anasema kwamba ulimi ni kama moto mdogo unaowasha msitu mkubwa. Tumezoea kuruka haraka kwenye ulimi na kusahau msitu. Lakini mfano huo una nguvu kwa sababu wasomaji wake walijua moto mdogo unavyofanya.

Andiko lililotugusa zaidi ni Kutoka 22:6. Sheria ya Musa inazungumza juu ya mtu ambaye moto wake unatoka, unashika miiba na kula nafaka ya mwingine: yule aliyeuwasha lazima alipe. Tazameni vizuri. Sheria haiulizi kama alikuwa na nia mbaya. Haiulizi kama alikuwa anaomba. Inauliza nani aliwasha.

Katika baraza letu la wazee mjadala ulikuwa mgumu. Mmoja alisema huenda ni mwindaji aliyepita baadaye. Mwingine alisema ni shambulio la adui dhidi ya kambi ya maombi. Mwingine alisema sanduku la kanisa ni maskini na mahali pale ni porini tu. Ndipo baba yule wa kijiji, ambaye tulimwalika, akasema: «Ninyi mnapaita porini. Sisi tunapaita nyumbani.» Tulisoma Kutoka 22 kwa sauti, na mjadala ukaisha.

Kutoka Mwanzo 2:15 tunajua kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Kazi ya pili tunaifundisha kidogo kuliko ya kwanza. Na Zaburi 24 inatukumbusha kwamba nchi ni ya Bwana. Basi mchungaji anapoingia msituni na kondoo wake, ni mgeni mara mbili: mgeni wa wenyeji, na mgeni wa Mungu.

Mgeni afanye nini?

Tumekubaliana katika parokia yetu juu ya mambo haya, na tunayapendekeza kwenu.

Kwanza, kuomba ruhusa. Kabla ya siku yenyewe, watu wawili waende kwa chifu wa kijiji waulize wapi kundi linaweza kukaa na wapi moto unaruhusiwa. Kama ni hifadhi, ruhusa itoke kwa wanaoisimamia, na kiongozi wa njia afuatwe. Wenyeji wanajua mahali palipokauka na siku ambazo mashamba yanachomwa.

Pili, kuuliza kama moto unahitajika. Kwanga, samaki wa kukaanga na karanga vinaweza kubebwa tayari kutoka mjini. Kama ni lazima kupika, mbabula ni bora kuliko moto wa chini, maana makaa yanakaa ndani ya chombo. Katika miezi mikavu sisi hatuwashi moto wa chini kabisa.

Tatu, kuchagua mahali. Mchanga wa kando ya mto ni mzuri kuliko pote. Pasipo mchanga, ondoeni majani yote mpaka udongo uonekane, hatua tatu kila upande. Msiwashe karibu na kisiki, gogo, mizizi au kichuguu, wala chini ya matawi yanayoning'inia. Moto uwe mdogo, wa kupikia tu.

Nne, maji kabla ya kiberiti. Bidoni mbili za lita 20 ziwe zimejaa kando ya jiko kabla ya moto kuwashwa, na zisitumike kwa kunywa wala kuosha sahani.

Tano, mlinzi wa moto. Kwaya ina mtunza fedha, basi iwe pia na mtunza moto. Mtu mmoja anatajwa kwa jina asubuhi, na haondoki jikoni hata wakati wa maombi. Tulijua kwamba kazi ya wote si kazi ya mtu, lakini hatukuwa tumelitumia neno hilo kwa moto.

Sita, kuzima kweli. Saa nzima kabla ya kuondoka, acheni kuongeza kuni. Mwageni maji, koroga jivu kwa fimbo mpaka chini, mwageni tena, geuzeni kila kipande cha ukuni. Kisha mlinzi aweke mgongo wa mkono karibu na jivu, halafu juu yake. Kama pana joto, moto haujazimika. Rudieni. Udongo usitumike kufunika.

Saba, kurudi na takataka. Mifuko ya maji, chupa na plastiki tulikuwa tunazichoma ili kuacha mahali safi. Sasa tunazibeba katika gunia mpaka mjini. Hali kadhalika wanaochoma hirizi za watu waliookoka: jambo hilo lifanyike kwenye uwanja mtupu, maji yakiwa karibu, si pembeni ya nyasi kavu katika furaha ya nyimbo.

Wapendwa wa Bukavu, Goma, Butembo na Bunia, hali yenu si kama yetu. Kwa Bukavu na Goma kiangazi kikubwa ni kuanzia mwezi wa sita, na nyasi za milima yenu zinashika haraka kuliko majani ya msitu, na moto unapanda mlima kwa kasi kuliko mtu anavyokimbia. Wanaokesha katika maombi ya mlimani wasilale na moto unaowaka. Blanketi ni bora.

Kama moto umetoka

Jambo la kwanza ni kuwatoa watoto na wazee kuelekea maji au mahali pasipo na kitu cha kuungua, na kuhesabu watu. La pili ni kuita wenyeji mara moja. Aibu inawafanya wageni wakimbie kimya, na dakika hizo ndizo moto unazohitaji. Hakuna gari la zimamoto litakalofika, na mara nyingi simu haina mtandao.

Moto mfupi wa majani unaweza kupigwa kwa matawi mabichi, ukianzia nyuma na pembeni, ukiwa upande ambao upepo unatoka. Wengine watangulie mbali kidogo na kufagia mstari mpana mpaka udongo mtupu, ili moto ukose chakula. Kama miali imepita urefu wa mtu, acheni, okoeni watu. Na ukizimika, wabaki walinzi mpaka kesho yake, kwa sababu tumeshaona mizizi inavyoficha.

Tukumbuke pia kwamba sheria ya misitu ya nchi yetu ya mwaka 2002 inakataza kuwasha au kuacha moto unaoweza kuenea msituni. Tunaomba, lakini hatuko juu ya sheria.

Tulilipaje?

Vijana walirudi kwa yule mama Jumamosi tatu. Walisafisha shamba, wakabeba vipando vya mihogo kwa baiskeli, wakapanda pamoja naye. Parokia ilitoa fedha za kununulia chakula kwa miezi ambayo mihogo ile iliyoungua ingemlisha. Sanduku letu lilibaki tupu, na ukarabati wa paa ukasogezwa mwaka mwingine. Hakuna aliyelalamika tena baada ya kumwona mama yule amekaa mbele ya mabua meusi ya shamba lake.

Miti ya ukingoni hatukuweza kuilipa. Miwili imekauka tayari. Tulimwuliza mzee wa kijiji tupande nini mahali pake, akasema tuache msitu ujipande wenyewe, mradi moto usirudi. Basi hilo ndilo tumeahidi, na tunawaomba ninyi pia muahidi, kabla ya matembezi yenu yajayo: mtajeni mlinzi wa moto kwa jina, na mjaze bidoni kabla ya kuondoka nyumbani.

Amani ya Bwana iwe nanyi.